Kiondo cha Unga Kwenye Mlima wa Kamwangi

Lori la majani ya chai linaponipita hapa Thika asubuhi, harufu yake hunisimamisha. Si harufu ya chai ya kikombe na maziwa mnayoijua. Ni harufu mbichi, chungu kidogo, kama nyasi zilizofyekwa zikiwa bado na umande. Mapafu yangu huikumbuka kabla ya kichwa, na mapaja hujikaza yenyewe, hata kama nimesimama tu dukani nikingoja mkate.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mama alitangulia, na baba akamfuata kabla hatujazoea kula bila mama. Tukabaki watatu katika chumba chetu cha Kimbo, pale Ruiru: mimi, Kamau aliyekuwa darasa la tano, na Njoki ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yameng'oka. Niliacha shule bila kuambiwa na mtu. Asubuhi moja niliwavalisha wale wawili sare, nikavua yangu, nikaenda kufua nguo za watu katika ploti za jirani.

Likizo ilipofika, baba mkubwa, kaka yake baba, aliwachukua Kamau na Njoki wakapumzike kwake, juu ya Kamwangi, kule mashamba ya chai yanakoanzia. Likizo ikiwa inaisha, Kamau akanipigia kwa simu ya mama mkubwa, akinong'ona kama mwizi wa mahindi.

"Jumamosi watu wanakutana hapa," akasema. "Mimi nabaki huku, Njoki anaenda kwa tata Nyahururu. Wewe utatafutiwa kazi ya nyumba." Tata ni shangazi yetu, dada yake baba. Kisha akauliza, "Nyahururu ni mbali?"

Nikamwambia si mbali. Usiku huo sikulala.

Ijumaa nikasikia matatu za njia ile zimegoma. Kilichobaki ni baiskeli ya baba. Ilikuwa ya resi, ya mtumba, tairi zake nyembamba kama kidole na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Baba aliiendesha kwenda kazini kiwandani Thika na kurudi, na Jumapili alinifundisha nyuma ya ploti, majirani wakicheka kwamba anamharibu msichana. "Mlima haupandwi kwa macho," alikuwa akisema. "Wewe tazama gurudumu la mbele, mlima utakuja wenyewe." Aliyasema hayo Kimbo, mahali palipo tambarare kama sinia. Gia ilikuwa bado pale alipoiacha siku yake ya mwisho kutoka kazini, ile nzito ya barabara kuu, nami sikutaka mkono wowote uiondoe hapo, hata wangu.

Mama naye alikuwa na neno lake: mkono mtupu haulambwi. Kwetu huendi kwa watu bila kitu ndani ya kiondo. Basi nikapima unga na sukari, nikaongeza pakiti ya majani ya chai. Hebu fikiria, kupeleka majani kule yanakochumwa! Nikavitia katika kiondo cha mama. Baiskeli ya resi haina keria, kwa hivyo nikafanya kama wanawake wa kwetu wanavyobeba kuni: kiondo mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Kulipopambazuka nilikuwa tayari njiani.

Mpaka Thika nilikwenda vizuri, nikajiona bingwa. Nilipokwisha kuipita Mang'u nikaanza kuelewa nchi ile ilivyoumbwa. Ni migongo ya ng'ombe waliolala ubavu kwa ubavu. Unashuka hadi kwenye kijito, masikio yakipiga mluzi, unapanda hadi machozi yatoke, halafu ukifika juu unaonyeshwa mgongo mwingine. Na hapo ndipo nilipogundua kosa langu. Mkanda ulikuwa unanivuta kichwa nyuma. Gurudumu la mbele sikuliona hata kidogo. Niliuona mlima wote, kutoka chini hadi mbinguni.

Watoto waliokuwa wamekaa juu ya kingo za barabara walifurahi kweli.

"Cucu! Cucu wa resi!" wakaniita, kwa maana mkanda wa kichwani ni wa akina bibi. "Shuka usukume, Cucu!"

Kabla ya Gatukuyu kundi la waendesha baiskeli wa Nairobi likanipita, wale wa wikendi wenye kaptura za kubana na kofia ngumu. Walikwenda kama nyuki. Wa mwisho wao, mama wa makamo mwenye mashavu mekundu kwa joto, akapunguza mwendo akawa kando yangu.

"Msichana, umebeba nini kwa kichwa?"

"Unga. Na sukari."

"Haki ya Mungu! Mimi nimebeba maji peke yake na karibu nilie." Akautazama mnyororo wa baiskeli yangu. "Na hiyo gia? Unapanda mlima na gia ya kushuka?"

Nikamwambia baba aliiacha hapo. Sikusema zaidi; pumzi haikutosha. Tulipanda pamoja, nikisikia magoti yangu yakilia, mpaka baiskeli ikasimama yenyewe na mimi nikaangukia majani ya kando ya barabara, kiondo kikiwa kimenirukia kichwani kama kofia ya ajabu. Mama yule akashuka. Akanivua kiondo taratibu, akauvusha mkanda wake begani na kunifunga kwa leso yangu kifuani, kama mtu anayembebesha mwenzake mtoto. Kisha akanishika kidole, akakiweka kwenye kile kichuma cha gia, akaondoa mkono wake.

"Baba yako aliiweka kwa njia yake," akasema. "Hii ni yako."

Nikaisukuma, yeye akainua gurudumu la nyuma na kuzungusha pedali kwa mkono. Mnyororo ukalia, ukaruka, ukakaa. Nililia kidogo, ndiyo. Lakini nilipopanda tena, miguu ilizunguka myepesi, na gurudumu la mbele likawa mbele ya macho yangu, dogo, jeusi, likiila lami kidogo kidogo. Yule mama alinisindikiza hadi Kamwangi, akanipa ndizi, akageuza. Hata jina lake sikumwuliza. Namwombea hadi leo.

Kutoka hapo ni mlima mtupu, na ile harufu ya chai mbichi ikaanza. Nilifika kwa baba mkubwa jua limekwisha kupita kichwa. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki uani. Tata wa Nyahururu alikuwa pembeni, mkono shavuni, hakuniangalia sana. Njoki alikuja mbio akanishika mguu.

Mama mkubwa alitoka jikoni, akanivua kiondo, akakipima kwa mikono miwili na kuingia nacho ndani. Nikapewa stuli.

"Maitu," baba mkubwa akaanza. Huniita hivyo, yaani mama, kwa kuwa kama kifungua mimba nilipewa jina la mama yake. "Maitu, umejisumbua bure. Mambo haya ni ya wazee. Tumeshapanga, kila mtoto atapata pa kulala."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga tangu Kimbo. Yote yalikuwa yamebaki mlimani.

Mama mkubwa akatoka tena, kiondo mkononi, kikiwa wazi.

"Baba Mwangi," akamwambia mumewe, "mtoto huwa anabeba kiondo kwenda kwa watu?"

"Hapana. Mtoto huja na mikono yake."

"Basi huyu aliyekuja na unga ametoka wapi? Kiondo hutoka kwenye nyumba yenye jiko. Sasa mnagawa vipi watu wa nyumba ya mtu, na yeye amewaletea chakula?"

"Amewaletea na majani ya chai!" mzee mmoja akasema, na uani pote pakacheka. Hata baba mkubwa alicheka, akajifuta macho, kisha akanigeukia.

"Utawalisha nini, Maitu?"

"Hicho tunachokula sasa."

"Na shule?"

"Wataenda. Aliyeacha ni mimi, si wao."

Akawatazama wazee, wazee wakatazama chini. "Nitakuwa nikija kuangalia," akasema mwishowe. Na alikuja kweli, miaka yote, na viazi.

Mimi sikujua maana ya kiondo siku ile. Nilikibeba kwa kuwa mama alinilea hivyo. Mama mkubwa ndiye aliyekisoma. Lakini si hilo lililonichukua miaka kulielewa. Kwa muda mrefu niliamini niliwashinda, kwamba siku ile walikuwa watu wanaotugawa kama mbuzi, na tata wa Nyahururu, ambaye hata hakuniangalia sana, ndiye aliyetaka sana kunipokonya Njoki.

Mwezi uliofuata tata alituma furushi Kimbo. Ndani mlikuwa na blanketi ya uzi wa sufu, ya njano na kijani, ya kimo cha mtoto, na pembeni imefumwa herufi tano: NJOKI. Nikasema asante kwa simu, nikamfunika mtoto, nikasahau. Nilikuwa na nguo za kufua.

Ni mpaka nilipokuwa mtu mzima, nilipofundishwa kufuma na wanawake wa kanisani, nikaharibu kitambaa kimoja cha kochi kwa msimu mzima wa mvua, ndipo nilipojua blanketi kama ile haifumwi kwa mwezi. Tata alikuwa ameianza zamani, pengine tangu wiki tulipomzika baba, jioni baada ya jioni kwenye baridi ya Nyahururu, akimtayarishia kitanda mtoto ambaye hakufika. Na alipomkosa, alikaa akaimaliza.

Njoki ameolewa sasa. Aliondoka nayo.