Nilitia Mafuta ya Karanga Kwenye Giaboksi ya Dada

Niliua mashine ya dada yangu kwa mdomo wangu. Sikurogwa, sikudanganywa na mtu. Ni mimi!

Dada ni mjane, anaishi Lusu, na mashine ya kukamua karanga ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na wanawe. Giaboksi ikaanza kuvuja, wateja wakanung'unika kwamba mafuta yao ya kula yananuka gereji. Akanituma Tabora mjini ninunue sili, ule mpira wa kuzuia kuvuja, na oili nzito ya gia.

Dukani Mtendeni nikaanza ubishi wangu wa chuo. "Mzee, hii na oili nyingine zina tofauti gani? Si majina tu ya kutuuzia?"

"Kijana, kama hutaki, acha. Wenzako wanasubiri."

Nikaondoka na sili peke yake, najiona mjanja! Nikamwambia dada atie mafuta yake mwenyewe ya karanga. Yanateleza, na yakivuja nani atalalamika?

"Mbona kwenye kibao cha mashine wameandika oili ya gia?"

"Dada, hicho kibao kimeandikwa na wauza oili!"

Akacheka. "Haya, msomi wangu." Akaniamini, nikayatia. Hapo ndipo panaponiuma!

Mwanzoni mashine ilitulia, hata kelele zikapungua. Nikatamba kijiji kizima. Kumbe mafuta yale yakipata joto la muda mrefu hugeuka ulimbo, wala hayana ile dawa ya oili ya gia inayokinga meno yanapobanana. Chuma kikasagana na chuma. Vikatokea vishimo vidogo, vishimo vikazaa nyufa. Chuma huchoka kimyakimya, kila gia inapozunguka. Na hilo nilifundishwa darasani, nikalifanyia mtihani, nikafaulu! Upuuzi gani huu?

Msimu umepamba moto, magunia ya watu yamejaa uani, tukasikia mlio kama jiwe limetupwa kwenye bati. Meno ya gia yamekatika.

Dada hakulia. Aliokota jino moja lililogandwa na gundi nyeusi, akaniwekea kiganjani. "Si unahoji kila kitu? Haya, lihoji hilo."

Watu walibeba magunia yao wakaenda kwingine. Sasa dada anauza karanga za kukaanga stendi ya Nzega. Nikimwambia "shikamoo", anajibu "marahaba". Basi, haongezi neno.

Nanyi wajuaji wenzangu, hojini mpaka mchoke! Ila ukiwa na shaka na oili, jaribu kwenye mashine yako. Huna mashine? Funga mdomo!