Seli za Mama Kwenye Kabati la Joto

Mama alizikwa miaka kumi na moja iliyopita, lakini kila Jumatatu na Alhamisi bado analishwa. Msinitolee macho. Mama mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, ni fundi wa maabara, na kabla ugonjwa haujammaliza dada yake alimchukua kipande cha ngozi kama punje ya mchele. Seli zikaota kwenye chupa bapa, ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu.

Huyo mama mdogo ana ulimi mkali balaa. Nikimwuliza kama hachoki, ananijibu, "Nani atamlisha? Wewe unayesahau hata chai yako jikoni?"

Alhamisi hunikaribisha kwenye hadubini. Huzitia seli rangi inayofanya mitokondria zing'ae zikiwa hai. Ndizo nyuzi za ndani zinazoipa seli nguvu, na zina DNA yao, ambayo mtoto huirithi kwa mama tu. Naona nyuzi za kijani zikijikunja taratibu. Kaburi lake nimetoka kulipalilia juzi, na huyu hapa anatembea. Huwa namwamkia na kumsimulia mambo yangu yote.

Mwezi uliopita nikaona seli zimenenepa, zimejaa chupa. Za mama zilikuwa goigoi siku zote. Nikafurahi kama mjinga.

"Mama kapona," nikasema.

Mama mdogo akavua glavu, akakaa. Kumbe kabatini kulikuwa na chupa ya pili, ya seli za mtu mwenye afya za kulinganishia na za mama, na mtu huyo ni yeye mwenyewe. Siku moja, hajui ipi, alitumia pipeti moja, kale kamrija ka kunyonyea maji ya seli, kwa chupa zote mbili. Tone likavuka, na seli zenye nguvu zikazimaliza dhaifu.

"Si ulikuwa unapima kila mwaka kuhakikisha ni mama?"

"Nilipima DNA ya mitokondria, ikasoma sawa, nikalala usingizi. Mpumbavu mimi. Mimi na mama yako tumezaliwa na mama mmoja, ingesoma nini kingine? Juzi ndiyo nimepima DNA ya kiini cha seli, ambayo kila mtu ana yake. Ni mimi mtupu."

"Na zile ulizogandisha za akiba?"

"Zimetoka chupa hiyohiyo. Nimezipima nazo, ni mimi vilevile."

Nilimchukia, jamani, siku nne nzima. Alhamisi nikaenda. Alikuwa ameshika dawa ya kuulia seli, hajaimwaga. Nikaichukua, nikamwaga mwenyewe. Kwenye hadubini nyuzi zikaacha kujikunja moja baada ya nyingine. Tukalia tumeshikana kama siku ya mazishi, ila safari hii hakuna aliyejua mama alikufa lini.