Kazi za kuandika mtandaoni: mimi walinilipa, aliyeumia ni mdogo wangu

Wakuu, salaam kwenu nyote, wakongwe na wageni.

Mimi humu ni msomaji tu, miaka sasa. Leo nimeamua kuandika kwa sababu haipiti wiki bila kukuta mtu anauliza: hizi site za kuandika makala kwa malipo ni legit au ni matapeli? Na majibu ni yaleyale. Mmoja atasema kimbia, mwingine atasema mbona mimi wananilipa, halafu uzi unahamia kwenye mpira.

Nitasimulia yaliyonikuta mwenyewe. Chumvi sitaongeza, na nilipokosea nitasema nimekosea. Jina la kampuni silitaji, kwa hiyo msinijazie PM.

Nipo Moro mjini, nina steshenari jirani na chuo.

Kwa wasiojua maisha ya vyuo vyetu: mwanafunzi anakuja na research yake ameiandika kwa mkono, wewe unachapa, unatoa kopi, unabana kurasa ziwe kitabu, anaondoka. Faili linabaki kwenye kompyuta yako. Hakuna anayefuta. Mwanafunzi mwenyewe anakuomba usifute, maana supervisor akijaza wino mwekundu atarudi hapohapo kusahihisha. Mwisho wa siku kompyuta ya steshenari inakuwa na jasho la watu wa miaka na miaka, na mlinzi wake ni kijana aliyeishia form six kama mimi.

Marehemu baba alikuwa fundi kwenye kiwanda cha nguo hapa mjini. Kiwanda kilipobinafsishwa akapunguzwa, akarudi Gairo kulima karanga na mama. Alipofariki, mdogo wangu Zuhura alikuwa bado sekondari. Tumezaliwa wawili tu, tumepishana miaka kumi na moja. Tangu siku ile mimi ndiye kaka na mimi ndiye baba, na alipofaulu kuingia chuo hapahapa Moro nilitembea mtaa mzima kifua mbele. Ni mtu wa kwanza kwenye ukoo wetu kufika chuo kikuu, tafadhali likumbukeni hilo mnapoendelea kusoma.

Sasa turudi kwenye mada.

Hizo site nilianza kuzijaribu kipindi internet cafe zinaanza kufungwa mjini na watu tunanunua modem zetu. Ya kwanza ilitaka ada ya kujiandikisha. Nikatuma, wakapotea. Ya pili haikutaka ada, ilitaka makala tatu za majaribio. Nikaandika kwa moyo wote, wakasema kiwango changu bado. Mwezi mmoja baadaye nikazikuta makala zangu zote tatu hewani, zimepambwa na picha.

Kwa hiyo nilipofika ya tatu nilikuwa mjanja, au nilijiona mjanja. Nilikuwa na vipimo vyangu. Hawaombi ada? Hawaombi. Wakiandikiwa email wanajibu? Wanajibu siku hiyohiyo. Wanalipa? Wakuu, wanalipa. Hawakuwahi kunichelewesha hata mara moja. Yaani kwa vipimo vyote mnavyopeana humu, wale jamaa walikuwa safi.

Aliyeniunganisha, jamaa niliyesoma naye, alinipa ushauri mmoja: usitumie jina lako. Alisema client akiona jina la kwetu hakupi order. Basi nikajiita Brian, nikaandika kwamba nina degree na naishi ng'ambo huko. Nilicheka wakati najaza ile profile. Leo sicheki.

Nilikuwa naandika kila kitu. Dawa za mba, namna ya kulea paka, bima za magari ambayo sijawahi hata kuyapanda. Kiingereza changu ni cha kuokoteza kwenye research za wanafunzi nilizokuwa nachapa, lakini kilitosha.

Mwaka huo Zuhura alikuwa anamalizia. Research yake ilihusu akina mama wanaolima mboga Mgeta na jinsi wanavyopatana bei na madalali wa malori yanayopeleka mzigo Dar. Hakuifanyia mezani. Alipanda kule juu akakaa wiki tano, analala kwa mama mmoja mkulima, asubuhi anashuka na kupanda vile vinjia na madodoso yake kwenye mfuko wa nailoni yasilowe. Akina mama wengine walikuwa wanamwambia nishikie jembe nami nikujibu, kwa hiyo dodoso moja lilimgharimu nusu siku ya palizi. Alirudi amekonda, viganja vimechubuka, lakini anaongea kama redio.

Mimi ndiye niliyemchapia. Bure, bila shaka. Sura ya nne, ile ya matokeo, niliichapa huku amekaa pembeni ananisimulia kila mama alivyokuwa. Kuna mmoja alimwambia, "Mwanangu, kabichi ikishashuka mlima haipandi tena." Maana yake ukishafika kwenye lori na mzigo kichwani, dalali akitaja bei yoyote utapokea, utaurudishaje? Zuhura aliipenda sana kauli ile. Aliitafsiri kwa Kiingereza na kufungulia nayo sura.

Alipomaliza, supervisor wake alikuwa amesafiri. Kazi ikakaa wiki kadhaa ikimsubiri, na faili likakaa kwangu.

Wiki hizo ndipo Brian akapata order. Kurasa kumi na tano kuhusu wakulima wadogo wanawake Afrika Mashariki, mwisho saa kumi jioni. Asubuhi umeme ukakatika. Ukarudi saa nane. Order ikikupita, alama zako zinashuka na kazi nzuri huzioni tena.

Nikafungua faili la mdogo wangu.

Nilijiambia nitachukua wazo tu. Baadaye nikajiambia nitabadilisha maneno. Saa tisa na nusu nilikuwa nimekata utangulizi, nimebadili vichwa vya habari, sura ya nne nzima nimeituma. Sikumwomba. Sikuona hata kama ni jambo la kuomba, maana kompyuta ni yangu, nimechapa mimi, na nyumbani kwetu nani aliwahi kubisha hodi kwenye kitu cha mdogo wake? Client akanipa nyota tano.

Tuliambiwa ni soko huria, kila mtu auze alichonacho. Mimi nikauza cha mdogo wangu.

Supervisor akarudi, akasoma. Ile kauli ya kabichi ikamvutia, akaitafuta mtandaoni aone kama kuna mwingine aliyeiandika. Akaikuta. Ipo kwenye site moja ya nje, pamoja na aya zote zinazofuata, na imewekwa hewani kabla Zuhura hajakabidhi kazi yake.

Zuhura alikuja steshenari ameshika karatasi walizomprintia chuoni. Aliniuliza mimi, kama mtu anayejua mambo ya kompyuta, inawezekanaje kitu chake kiwe kule. Nikamwambia labda ni virus. Wakuu, nilimtazama mtoto niliyemlea usoni nikamwambia labda ni virus.

Nilikaa na uongo ule siku nne. Siku ya tano alikuja kuniambia ameitwa kwenye kamati, na kwamba wanaweza kumfukuza chuo. Hapo ndipo nikasema.

Hakulia. Aliuliza tu nimetuma sura gani. Nikamwambia ya nne.

Akasema, "Hizo nyingine zote ni maneno ya vitabu vya watu, kaka. Hiyo ndiyo ilikuwa yangu."

Niliwaandikia wale jamaa siku hiyohiyo. Nikaomba waitoe ile makala, nikasema ni kazi ya mdogo wangu, niko tayari kurudisha malipo. Walijibu haraka na kwa heshima zote. Walimshukuru Brian kwa uaminifu wake, wakamkumbusha kwamba alikubali masharti siku ya kujiunga: kazi ikishalipiwa ni mali ya client, na client hataki kuitoa. Nikayasoma yale masharti kwa mara ya kwanza. Ni kweli yalikuwepo, na mimi ndiye niliyebonyeza nimekubali. Hawakunidanganya hata neno moja.

Basi nikasema nitakwenda kwenye kamati mwenyewe nikabebe msalaba wangu. Nilivaa shati la harusini, nikabeba email zote nimeziprint. Nilijua nikisema ukweli yataisha.

Tulikuta watu wanne. Mwenyekiti ni mzee mmoja mpole, nikampa shikamoo, akanikaribisha kiti. Nikaeleza kila kitu kama nilivyowaeleza ninyi. Walinisikiliza bila kunikatiza. Kisha mwenyekiti akachukua zile email, akazisoma, akaniuliza Brian ni nani. Nikasema ni mimi. Akauliza kitambulisho cha Brian kiko wapi. Nikasema hakuna, ni jina la kubuni.

Akavua miwani.

"Kwa hiyo kijana, kazi yako ni kuwaandikia watu kazi zao kwa malipo?"

"Ndiyo mzee, lakini hii aliandika yeye."

"Na hii pia ilichapwa kwako?"

"Ndiyo, nilichapa tu."

Akatikisa kichwa taratibu, akaandika kitu kwenye karatasi. "Basi umetusaidia sana," akasema.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Kabla sijaingia mle, walikuwa na mwanafunzi ambaye kazi yake imefanana na ya mtandaoni. Nilipotoka walikuwa na mwanafunzi ambaye kaka yake ni mwandishi wa kulipwa mwenye jina la uongo.

Zuhura akatoa madodoso yake, yote, mengine bado yana udongo. Mmoja wao akasema dodoso hata kitandani mtu anajaza. Akawaambia yule mama wa kabichi yupo, ana jina na ana nyumba, twendeni Mgeta mkamuulize mbele yangu. Wakamwambia chuo hakina fungu la safari ya namna hiyo. Asubuhi ukisimama kwenye mlango wa ile ofisi milima unaiona, lakini ndiyo hivyo.

Hawakumfukuza, walisema wamemhurumia. Kazi ile ikafutwa, akaambiwa aanze research nyingine, mada nyingine, na arudie mwaka. Wenzake walipovaa majoho yeye alikuwa Gairo anamsaidia mama kupukuchua karanga. Mama alikuwa ameshawaalika ndugu, na ikabidi apite nyumba kwa nyumba kuwaambia wasije. Alinipigia simu mara moja tu, akaniuliza baba yenu angekuwepo ningemwambia nini.

Account niliifunga. Mkitaka kujua, hela ya mwisho ya Brian iliingia siku mbili baada ya mimi kuifunga. Waaminifu mno.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaouliza site fulani inalipa au hailipi, mnauliza swali dogo. Mwizi wa ada utamjua ndani ya wiki na utalia wiki moja. Ulizeni ukishatuma, yale maneno yanakuwa ya nani, na ukitaka kuyarudisha unamfuata nani. Someni masharti kabla ya kubonyeza. Msiandike kwa jina la mtu asiyekuwepo, maana siku ukihitaji kuaminiwa huyo mtu hatakuja kukutolea ushahidi. Na wenye steshenari wenzangu, ninyi mnajua mnachokifanya na yale mafaili. Mimi siwezi kumnyooshea mtu kidole, lakini mnajua.

Mwezi uliopita Zuhura alimaliza kuandika ile research ya pili. Sikuambiwa na mtu. Nilimwona.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wangu, kuna steshenari ya dada mmoja. Zuhura alikaa pale kutwa nzima, kiti chake kimegusana na cha yule dada, macho kwenye screen. Kazi ilipotoka na kubanwa, hakuondoka. Nikamwona ananyoosha kidole anamwonyesha yule dada kitu, yule dada anabonyeza, anaonyesha tena, anabonyeza tena. Miaka yote hii kwenye kazi, naijua ile mikono inafanya nini. Alikuwa anamfutisha faili, kisha anamfutisha hata kwenye kapu la takataka la kompyuta, na alisimama akainama karibu na kioo mpaka akahakikisha hakuna kilichobaki.

Akatoka na kazi yake ameikumbatia kifuani. Akaniona nimesimama mlangoni. Akaniamkia, "Shikamoo kaka," kwa adabu ileile ya siku zote. Nikaitikia marahaba. Akashika njia yake upande uleule, hakuvuka.

Mods, uzi huu naomba msiufunge mapema. Mwenye kunitukana anitukane, nitasoma yote na sitabishana. Ila kama yupo humu aliyewahi kumfanyia ndugu yake jambo kama hili na wakarudi kukaa sahani moja, naomba aniandikie walianzia wapi.