Aisha Hataki Tena Kuwa Paka

Amiri ana mdomo, na mdomo huo ndio uliomlisha Tanga kabla hajaja Doha kuendesha basi la wafanyakazi wa hoteli za West Bay. Kule alikuwa mtafsiri wa filamu za Kichina kwenye kibanda umiza, ukumbi wa video wa mtaani. Sauti ya Wachina inapunguzwa, yeye anashika maiki na kuwasemesha Kiswahili, kila mwigizaji akimbandika jina la mtu wa mtaani. Watu walimiminika kumwona jirani yao akipigwa mateke.

Doha mchezo huo ameuhamishia kwa watoto. Ijumaa baada ya sala, watoto wa Kitanzania hukusanyika mtaa wa Abu Hamour, sebuleni kwa rafiki yake Makame, na Amiri huwawekea katuni za miaka ya arobaini na hamsini. Wazazi wanazipenda, eti hazina matusi. Kila mtoto huchagua mnyama, na mnyama huyo huitwa jina lake mpaka mwisho.

Sasa Aisha, binti wa Amiri mwenye miaka sita, akagoma. "Baba, mimi sitaki tena kuwa paka. Nataka kuwa mtu. Mtu kama mimi."

Ombi lenyewe ndilo hilo! Amiri alizipekua katuni kwenye simu wiki nzima kila aliposubiri abiria. Watu walikuwamo: mama mwenye nyumba mweupe, daktari mweupe, polisi mweupe, hata kichanga mweupe kwenye kigari. Mweusi akitokea, basi ni mpishi wa kike mwenye midomo kama soseji mbili, macho yamemtoka, anamkimbia panya. Au ni mla watu mwenye mfupa puani. Amiri alikasirika, kisha akajikasirikia mwenyewe, maana vituko hivyohivyo alivicheka utotoni hadi mbavu zikamuuma.

"Wameweza kuchora mbwa anayepiga kinanda," alimlalamikia mkewe, Husna. "Mtu ndiye amewashinda?"

"Mzaha mzaha, baba Aisha, hutumbua usaha. Mwambie mtoto awe paka, yaishe."

Hakumwambia. Si ana mdomo bwana! Picha gani itamshinda yeye, aliyewahi kumgeuza jambazi wa Hong Kong kuwa muuza chapati wa Ngamiani, kule Tanga? Ijumaa ilipofika akamchagua yule mpishi, akashika maiki: "Na huyu ndiye Aisha, mwenye hoteli! Akikohoa, mameneja wote wanasimama!"

Lakini mwenye hoteli akateleza na sahani zake. Akamwagikiwa unga. Akapanda juu ya kiti, akipiga mayowe kwa sababu ya panya. Kadiri Amiri alivyozidi kumsifu ndivyo watoto walivyozidi kugaragara kwa kicheko. Ndipo akaliona kosa lake: kibandani, anayetukuzwa sana ndiye anayechekesha sana akianguka, na hilo yeye mwenyewe amelitumia miaka na miaka. Alizima televisheni katikati. Watoto wakapiga kelele za kulalamika, isipokuwa mmoja.

Garini, wakirudi nyumbani, alitamani kumtukana mtu, lakini waliozichora katuni hizo wengi wao wamekwisha kufa zamani. Akatupa jicho kwenye kioo. Kwenye kiti cha nyuma, Aisha alikuwa ameikunja midomo yake ndani, ameiuma kwa meno isionekane.

"Achia mdomo, mwanangu," Amiri akasema. "Utajiumiza."

Aisha akatikisa kichwa.