Nikuombee Nini Leo?

Mtaani walimwita Mama Pasi. Kibanda chake cha dobi kilikuwa na meza moja ndefu, kamba ya nguo na pasi ya mkaa nzito kama jiwe. Kila aliyeleta nguo alipokewa kwa swali lile lile: "Nikuombee nini leo?"

Wengi wetu humwambia mtu "nakuombea", tukasahau kabla hatujafika konani. Mama Pasi hakuwa hivyo. Shati likilala mezani, mwenye shati alitajwa mbele za Mungu. Pasi ikipita mabegani, aliombea mizigo anayobeba. Ikipita mikononi, kazi yake. Akimaliza kukunja, naye amefika "Amina".

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa mtu wa mzaha.

"Mimi niombee umeme usikatike," alisema.

Aliuombea kweli. Mchana umeme ulipokatika kwake, fundi akagonga ukuta. "Mama Pasi! Ulisinzia?"

"Niliombea mtaa mzima, na mtaa mzima unawaka! Kaangalie nyaya zako!"

Basi walizoeana hivyo, mpaka siku fundi alipoleta ovaroli ambayo cheche zilikuwa zimeitoboa kifuani. Zamani matundu yalikuwa chini, miguuni. Mama Pasi akaitazama, kisha akamtazama mwenyewe.

"Nikuombee nini leo, fundi?"

Fundi akafungua mdomo atanie, akaufunga. Akageuka kuona kama kuna mtu nyuma yake.

"Niombee macho, mama. Naona ukungu, mpaka niinamie moto ndipo nione ninachochomelea. Lakini nakusihi, mtu asijue. Nina kazi ya mageti ya shule. Wakisikia sioni, wanampa mwingine."

Jumapili jioni akina mama wa kikundi cha maombi walikutana sebuleni kwa mwenyekiti wao, kila mmoja na hitaji lake.

"Mama Pasi, wewe una nani?"

"Nina jirani."

"Jirani yupi?"

"Mungu anamjua."

"Na sisi tumjue basi, mwenzetu, tuombe kwa uzito!"

"Uzito huo huo uwekeni kwenye neno jirani."

Wakacheka, lakini yeye ulimi ulikuwa ukimwasha. Angetaja jina tu, sebule nzima ingemlilia fundi kwa Mungu. Na kesho yake mtaa mzima ungejua. Yapo maombi ambayo ni umbea uliofumba macho, na Mama Pasi aliyajua. Akajikaza kisabuni, akanyamaza.

Aliendelea kumwombea, lakini kila pasi ilipofika kifuani pa ovaroli ile, alijikuta anahesabu matundu badala ya kuomba. Asubuhi moja akafukia makaa kwa majivu, akachukua shati la fundi kambani, akaenda jirani.

"Vaa. Tunakwenda kliniki ya macho."

"Si unaniombea?"

"Naomba. Lakini naona haya kumrudia Mungu na ombi lile lile, wakati kliniki iko hapo nyuma ya soko na miguu ninayo."

"Na wakiniambia nimekuwa kipofu?"

Hapo Mama Pasi naye moyo ulimpiga. Jibu likiwa baya, ni yeye aliyemburuta kwenda kulisikia.

"Tutalia wote," akasema. "Sasa hivi unaogopa peke yako."

Daktari alimulika macho yale kwa muda mrefu. Mtoto wa jicho, akasema. Yatafanyiwa upasuaji na ataona. Fundi alikwenda mwenyewe shuleni kueleza. Mageti madogo wakampa fundi mwingine, jambo lililomfanya anune siku kadhaa. Lile kubwa la mbele wakakubali limsubiri.

Alipopona, alikuja kibandani kuchukua ovaroli yake. Aliitazama, akayaona matundu yote. Hakuondoka.

"Na wewe, Mama Pasi, nikuombee nini?"

Pasi ikabaki hewani. Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumuuliza. Alitafuta mzaha, akaukosa.

"Magoti," akasema taratibu. "Yananiuma nikisimama, yananiuma nikiyapiga."

Fundi akavua kofia, akaifinyanga mikononi. Akatazama paa, akatazama sakafu, akafumba macho.

"Mungu," akaanza, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua, "ni mimi, fundi wa hapa jirani." Akafumbua jicho moja. "Halafu nasemaje?"

"Mwambie tu."

"Huyu mama magoti yanamuuma. Kila asubuhi anabeba ndoo za maji kutoka bombani, na mimi namwona. Yaani, sasa namwona." Akafumba macho tena. "Basi hizo ndoo… nitamchotea mimi."

"Amina!" akasema Mama Pasi upesi, kabla fundi hajabadili mawazo.