Ndoo Isiyojaa

Usiku ule wa kuamkia siku ya kumwaga zege la dari ya nyumba ya dada yangu Mwanaidi, nililala nimeridhika. Kokoto zilikuwa zimefika mchana, zote za saizi moja, utadhani zimechaguliwa kwa mkono. Hazina vumbi wala chenga. Nilizisifu mbele ya watu. Chini ya dari hiyo ndipo kingekaa kitanda cha mama.

Akaja Mzee Sudi, fundi aliyenifundisha kazi, ambaye mimi mwenyewe nilisaidia kumshusha kaburini. Suruali yake ilikuwa na saruji magotini kama zamani. Akaweka mbele yangu ndoo ya kokoto zile zile.

"Imejaa?"

"Imejaa, mzee."

"Msomi wa vitabu vya kuokota," akasema, bila kucheka. "Tia maji."

Enzi za uhai wake tulifanya hivyo kila kokoto zilipoletwa: tunajaza ndoo, kisha tunahesabu makopo ya maji yanayoingia katikati ya mawe. Maji hayo ndiyo kipimo cha mapengo. Kubwa zikichanganyika na ndogo na chenga, ndogo huziba mapengo ya kubwa, na maji hayavuki makopo saba. Safari hii sikupima. Niliamini macho.

Natia kopo la kwanza. La saba. La kumi. Maji yanazama, mawe yanabaki makavu. La ishirini. Bega linauma, naogopa kumtazama.

Nainua kopo jingine, na tumo chumbani kwa mama. Ndoo haipo. Maji yanadondoka kutoka darini. Mama amekaa kitandani, amekumbatia mto.

"Panavuja hapa, mwanangu. Nisogee wapi?"

Nasogeza kitanda. Tone linamfuata. Mzee Sudi amepanda kwenye stuli, anagusa dari kwa kidole. Kidole kinaingia. Kiganja kinaingia. Mkono unazama hadi kwenye kiwiko, na unaporudi umejaa kutu ya nondo.

"Saruji uliweka?"

"Ya kutosha, mzee."

"Kushika nini? Hewa?"

Dari inaanza kushuka, polepole, bila sauti. Mama bado anauliza asogee wapi.

Niliamka nimeng'ang'ania ubao wa kitanda. Kulipopambazuka nilikuwa tayari kwenye kiwanja. Nilijaza ndoo kokoto, nikatia maji kopo baada ya kopo. Yalifika ukingoni kwenye kopo la tisa.

Mwanaidi alinikuta nimechuchumaa pale, yeye na birika la chai ya mafundi.

"Leo hatumwagi," nilimwambia. "Kwanza ziletwe kokoto ndogo na chenga, tuchanganye, tupime upya."

"Kaka, watu wako njiani. Nani kasema?"

"Mzee Sudi."

Alinitazama, akaitazama ndoo, akatua birika chini.

"Basi watakunywa chai tu," alisema.