CD Mbovu ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alizikwa bila kuagwa. Naanza na hilo kwa sababu nisipolisema mtu ataniona nimerukwa na akili, mwanamke mzima mwenye cherehani yake na wateja wake, kumaliza karibu mwaka nikihangaikia CD ya filamu ambayo hata haikuwa nzuri.

Alikuwa mpakiaji wa mbao Makambako. Lori alilopanda juu ya mzigo lilipinduka kwenye mteremko, mzigo ukamlalia. Kwetu marehemu anaagwa. Jeneza linafunguliwa upande wa uso, watu wanapita kwa mstari, ndugu wa karibu wanapita mwishoni, na mama anaangalia mpaka atakapoondolewa. Siku ile, kijijini kwetu nje kidogo ya Igwachanya, mwenyekiti wa msiba alisimama akatangaza kwamba jeneza halitafunguliwa, akaomba tuwe watulivu. Aliyekuwa ameingia mochwari ni mjomba peke yake. Mama akamvuta koti.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, dada."

"Umemwona uso?"

Mjomba akaangalia pembeni. "Nimeona dole gumba lake."

Dole gumba la mkono wa kushoto lilikuwa limepondwa na ubao mwaka wake wa kwanza wa kazi, likapona likiwa limepinda kwenda nje. Tulimtania kwamba lile dole linaomba lifti. Basi mama alizika dole gumba. Hata picha tuliyoweka juu ya jeneza ilikuwa ya kumaliza darasa la saba, mtoto wa shati jeupe na masikio makubwa, maana picha zake za utu uzima zilikuwa kwenye simu yake, na simu haikuonekana tena.

Baada ya msiba nilimchukua mama nikakaa naye Njombe. Alikuwa anakaa karibu na jiko la mkaa, blanketi mabegani, na kila mgeni aliyetoka Makambako alimuuliza kama alimwona mwanawe wiki ile ya mwisho na alikuwa na uso gani. Watu walikuwa wanasema alikuwa na uso wa kawaida. Sijui walitaka waseme nini.

Miezi kama miwili ikapita, mpakiaji mwenzake akaja kwenye kibaraza changu cha kushonea na kitu kimefungwa kwenye gazeti. "Pole tena, dada," alisema. "Ile filamu imetoka."

Nilikuwa nimeisahau. Mwaka uliotangulia kikundi cha maigizo cha Makambako kilitengeneza filamu pamoja na jamaa mmoja ambaye kazi yake hasa ilikuwa kupiga video za harusi. Walihitaji mwanamume wa kufika mlangoni na kumpa mwanamke habari za mumewe. Wakamchukua mdogo wangu kutoka kwenye mbao kwa sababu ya sauti yake, kwani alikuwa na sauti nzito ya kwaya. Pasaka nzima alitamba nayo. Tulipomuuliza anasema nini humo ndani, alicheka. "Mtaona wenyewe. Nikiwaambia sasa, nani atanunua?"

Jioni hiyo hiyo tukaweka CD kwenye deki. Mama wa kwenye filamu anapepeta mahindi, mumewe yuko machimboni, barua haziji. Hodi inapigwa. Mlango unafunguliwa na mdogo wangu anaingia, kofia mkononi. Anainua uso. Anafungua mdomo.

Picha ikaganda.

Deki ikaanza kukoroma. Niliinuka niitoe CD nifute, maana ndivyo nilivyo. Mimi ni fundi, nguo ikiwa na uzi uliochomoza siwezi kupita bila kuukata. Mama akasema, "Mwache." Akashuka kwenye kiti, akasogea na mkeka wake mpaka mbele ya runinga, akakaa. Uso ulikuwa mkubwa, wa mtu mzima, una kidevu kilichoanza kuota ndevu, una ile alama ya nyusi aliyoipata kwa kuanguka kisimani. Ulikaa pale dakika mbili tatu hivi, kisha deki ikachoka, kioo kikawa cha buluu.

"Weka tena," alisema mama.

Basi ikawa hivyo. Kila siku baada ya chakula cha mchana, Jumapili baada ya ibada, tunapita kwenye mahindi, tunasikia hodi, anaingia, anaganda. Mama anamwangalia. Mwanzoni alikuwa analia, baadaye akawa anamwangalia tu kwa utulivu, na usiku akaanza kulala. Nilipaswa kuelewa kwamba alikuwa anamuaga. Wenzake wanapewa dakika moja jenezani, yeye alikuwa anapewa mbili tatu kila siku. Sikuelewa. Mimi niliona CD mbovu.

Halafu mama akaanza kuuliza, "Sasa pale alitaka kusema nini?"

Swali hilo lilinikaa. Alikuwa analiuliza anapokunja mkeka, analiuliza tunapomenya viazi. Alishaupata uso, sasa alitaka sauti, na nani angemlaumu? Nilisugua ile CD kwa dawa ya meno kama watu walivyonifundisha. Haikusaidia. Nikaipeleka stationari ya karibu na stendi wanikopie, kompyuta yao ikaganda mpaka ikazimwa kwa kuchomoa waya, na kijana mwenye duka akanirudishia kwa vidole viwili. Simu yangu wakati ule ilikuwa ya tochi. Leo mtoto wa darasa la tatu angepiga picha kile kioo akamaliza kazi. Kila nikikumbuka hilo nataka kujichapa.

Yule mpakiaji ndiye aliyeniletea habari tena. Zile CD za kwanza zote zilikuwa mbovu, wateja walilalamika, na mtengenezaji ametoa zilizorekebishwa. Zina kibandiko cha kijani kwenye kava. Unapeleka mbovu kwenye kibanda chake Makambako, unapewa nzima.

Mama hakufurahi kama nilivyotarajia. "Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje," alisema.

"Mama, utasikia sauti yake."

"Sauti?"

"Sauti. Utasikia alichosema."

Akaitoa CD kwenye kava, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akairudisha. Akaifunga kwenye kitambaa chake cha kichwani na kunipa kwa mikono miwili.

Mara ya kwanza nilipofika Makambako kibanda kilikuwa kimefungwa, mwenyewe yuko Mafinga anapiga harusi. Mara ya pili zenye kibandiko zilikuwa zimekwisha, wakanielekeza kwa muuzaji wa upande wa stesheni ya reli, naye akanielekeza kwa mwingine, na huyo mwingine akaniambia nirudi kibandani. Kwa wiki tatu nilishona kwa makosa, nikamwekea mteja mkono wa kulia kushoto. CD ilibaki kwenye mkoba wangu ikisubiri safari, na mama akakaa bila kitu cha kuangalia. Alikuwa anawasha runinga, anaangalia taarifa ya habari na kuzima.

Mara ya tatu nilimkuta dada mmoja kibandani, na boksi jipya la CD juu ya meza. Chini ya meza kulikuwa na boksi jingine lililojaa vipande.

"Tunavunja mbovu mbele yako," alinieleza kwa upole kabisa. "Watu walikuwa wanabadilisha CD moja mara mbili."

"Nzima hiyo kweli?"

"Ngoja." Akaiweka kwenye mashine yao. Mahindi yakapepetwa, picha safi, sauti safi. "Haigandi popote, dada. Mwanzo mpaka mwisho."

Hakunidanganya. Nimeyageuza maneno yake mara nyingi nikitafuta uongo ndani yake, sijauona. Ni mimi ambaye sikumwambia asogeze mbele mpaka mlangoni. Kosta ya kurudi Njombe ilikuwa inapiga honi na nilikuwa na haraka ya kwenda kuwa mtoto mwema. Nikafungua kitambaa cha mama, nikampa. Akaifunika kwa tambara isimrushie vipande, akaibana kwenye ukingo wa meza, akaivunja. Nikamwambia asante.

Nyumbani mama alikuwa ameshatandika mkeka. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Niliweka CD, nikakaa nyuma yake. Mahindi. Barua haziji. Hodi ikapigwa, mwanamke akaweka ungo chini, akaelekea mlangoni.

Kisha mwanamke akawa amekaa kitandani analia, majirani wamemzunguka.

"Amepita?" aliuliza mama.

"Bado," nilisema, ingawa nilishajua. Tuliangalia mpaka mwisho. Mume alirudi, kumbe hakufa, ng'ombe akachinjwa, watu wakacheza ngoma. Majina yakapanda kwenye kioo na jina la mdogo wangu lilikuwepo, limeandikwa bila kukosewa.

"Rudisha nyuma," alisema mama. Nikarudisha. Akasema tena, nikarudisha tena. Hodi, ungo, kitanda. Mara ya nne hakutaka nirudishe. Aliuliza tu, "Ile yetu iko wapi?"

"Imebaki kibandani," nilijibu.

Kesho yake nilikuwa Makambako kabla hawajafungua. Safari hii mtengenezaji mwenyewe alikuwepo, mtu mpole mwenye koti la ngozi bandia, na upole wake ulinikasirisha zaidi. Alisema pale mlangoni ndipo palipokuwa na ubovu, kipande kiliharibika kwenye kompyuta, wakajaribu kukiokoa wakashindwa. "Tukakikata, dada. Dakika moja tu. Hadithi haipotei."

"Kadi za kamera?"

"Tulizifuta. Tumeshapigia harusi."

"Kwenye karatasi zenu basi. Alipaswa kusema nini?"

"Hatuandiki. Tunampa mtu hali, maneno anatunga mwenyewe." Akajaribu kukumbuka, nilimwona anajaribu kweli. "Alisema vizuri. Nakumbuka tulimpigia makofi."

Nikaomba boksi la vipande. Dada wa kibandani akanionyesha pipa la nje, limeshachomwa, plastiki imeyeyuka imekuwa donge. Nililia pale pale, kwa sauti, kilio ambacho sikukilia msibani kwa sababu nilikuwa nahesabu sahani. Wapakiaji waliokuwa wanapita na mbao mabegani walisimama. Mmoja akavua kofia, na kuona mtu kashika kofia mkononi kukanimaliza kabisa.

Nilimwambia mama ukweli jioni ile. Hakunigombeza. Siku mbili hakusema nami, siku ya tatu nilikuwa nakata gauni la mteja akanitazama kwa muda mrefu. "Wewe na mkasi wako," alisema, akatoka nje kuota jua.

Kwa hiyo mimi niliyezunguka kutafuta zilizorekebishwa nikaanza kuzunguka kutafuta mbovu. Wauzaji wa Njombe walinicheka. "Mama, wenzio wanataka nzima, wewe unataka inayoganda?" Wenye nazo walikuwa wameshabadilisha wote, kwa sababu nani anang'ang'ania kitu kibovu? Niliuliza wateja wangu, niliuliza kwenye kwaya, nilituma maneno mpaka Mlangali kwa mwalimu mmoja niliyemshonea sare. Kila aliyenijibu alinijibu kwa fahari kwamba yake ameshaitengeneza.

Mwishowe ilipatikana Igwachanya, mwendo mfupi tu kutoka kaburini kwake. Mzee mwenye banda la video alikuwa ameitupa kwenye droo. Watazamaji wake walikuwa wamezomea ilipoganda, akaapa kutoionyesha tena, na uvivu ukamzuia kuipeleka Makambako. Nilimpa mkono mzee yule kama vile amenirudishia ndugu. Safari hii nilikuwa nimejifunza. Nikamwomba awashe tuijaribu.

Ilikuwa mbovu, lakini haikuwa mbovu kama yetu. Kumbe kila CD iliganda mahali pake, nyingine mbele kidogo, nyingine nyuma kidogo. Hii iliwahi. Hodi ilipigwa, mlango ukaanza kufunguka, na kabla uso haujaingia picha ikasimama. Kilichoonekana ni mkono wa kushoto ulioshika fremu ya mlango. Dole gumba limepinda kwenda nje.

Nilifikiria kuiacha pale. Nilifikiri, nitampelekeaje mama dole gumba kwa mara ya pili? Lakini niliichukua, kwa sababu kurudi mikono mitupu nilikuwa nimeshakuzoea na sikukutaka tena.

Mama alikaa kwenye mkeka. Sikumweleza kitu. Mkono ulipotokea na kuganda alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Deki ilikuwa inakoroma. Nilimsubiri alie, au anifukuze.

"Ni yeye," alisema.

Nikashindwa kuvumilia. Nikapiga magoti kando yake, nikanyoosha mkono kwenye kitufe cha deki. Nikamwambia labda ni uchafu tu, labda nikiifuta vizuri itasogea mbele kidogo, uso utaingia, kuna fundi mmoja sokoni.

Mama akaushika mkono wangu akaushusha chini, bila kuondoa macho kwenye kioo.

"Acha, mwanangu," alisema. "Usinitengenezee tena."